Mpiga Ngoma na Haki ya Kusikia

Imezuka siku hizi kauli ambayo tumeisikia Korogwe, tukaisikia Handeni, na hapana shaka husemwa pia kwingineko katika nchi yetu, kwamba wapiga ngoma wetu "hawawezi kwenda na mitambo". Wanaojiona wastaarabu huisema kwa upole, na wasiojali huisema kwa kejeli, lakini maana yake ni ile ile. Mtu aliyeshika ngoma tangu utotoni, aliyewachezesha watu katika mavuno na harusi za vijiji vizima, anaambiwa kwamba hajui kushika mapigo kwa kuwa aliwekwa jukwaani pamoja na mashine akayumba. Sisi tunaikataa kauli hiyo. Tunaikataa kwa sababu ni ya uongo, na tena kwa sababu imeanza kuwanyang'anya watu riziki yao.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho. Katika mahafali ya shule moja wilayani Korogwe, ambayo hatuna haja ya kuitaja, kilialikwa kikundi cha muziki kilichochanganya gitaa na ngoma. Kijana mpiga gitaa alikuwa na kifaa kidogo sakafuni, chenye kanyagio. Alipolikanyaga mara ya kwanza, kifaa kilianza kunasa yale aliyokuwa akiyapiga. Alipolikanyaga mara ya pili, kiliacha kunasa kikaanza kukirudia kipande kile tena na tena, bila kuchoka na bila kubadilika, huku yeye akipiga mengine juu yake. Vijana wa muziki hukiita kipande hicho lupu, nasi hatutagombana nao juu ya jina. Ilikuwa kazi nzuri. Gitaa moja likawa mawili, kisha matatu, na wazazi wakashangilia.

Nyuma kabisa ya jukwaa alikaa mzee mmoja na ngoma zake tatu. Spika zote zilikuwa mbele, zimewageukia wageni na kumpa mzee kisogo. Yeye hakuwekewa chochote. Kwa dakika moja hivi mambo yalikwenda vizuri, kisha ngoma na gitaa zikaanza kuachana. Mzee aliinua kichwa, akageuza sikio huku na huku, akapunguza mwendo, akaharakisha, akapunguza tena. Fundi mitambo alifanya nini? Aliishusha sauti ya maikrofoni ya ngoma mpaka ikazimika. Wimbo wa pili mzee aliupiga wote, mikono ikionekana ikipanda na kushuka, wala hakuna aliyemsikia. Wimbo wa tatu aliambiwa apumzike. Jioni tulipata habari kwamba malipo yake yamekatwa, eti kwa kuwa alipiga wimbo mmoja tu.

Tulimwendea kumpa pole. Hakusema neno juu ya fedha. Alituuliza jambo moja: "Mwalimu, lile gitaa la pili lilikuwa linapigiwa wapi? Mimi nililisikia ukutani."

Tunawaomba wasomaji, hasa wanafunzi wanaosoma fizikia, walitazame swali hilo kwa makini, maana mzee alilijibu yeye mwenyewe kabla hajamaliza kuuliza. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde. Tuseme spika ziko mita 5 mbele ya mpiga ngoma, zimemgeuzia mgongo, na ukuta wa mwisho wa ukumbi uko mita 25 mbele ya spika hizo. Sauti ya juu ya gitaa, ile inayobeba ncha za mapigo, haimfikii mpiga ngoma moja kwa moja. Huenda mita 25 mpaka ukutani, hurudi mita 25, na huongeza mita 5 mpaka sikioni mwake. Jumla ni mita 55, na mita 55 ukizigawanya kwa 340 ni kama sekunde 0.16. Katika wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua nusu sekunde. Kwa hiyo mzee huyu aliletewa kila pigo likiwa limechelewa kwa karibu theluthi yake.

Na theluthi ya pigo si kitu kidogo kwetu. Ngoma zetu nyingi hulikata pigo moja mara tatu. Kuchelewa theluthi moja ni kupiga mahali pa mwenzako. Mpiga ngoma mbovu asingesumbuka. Angepiga vivyo hivyo na kutabasamu. Aliyesumbuka ni yule mwenye sikio, kwa sababu aliufuata muziki aliousikia, na muziki aliousikia ulikuwa wa ukutani.

Angekuwa anapiga pamoja na mpiga gitaa wa kawaida, jambo hilo lingerekebishika. Binadamu wawili wakipishana hutazamana, mmoja humsogelea mwenzake, na katika mapigo mawili matatu wamekutana tena bila msikilizaji kujua. Lupu haimsogelei mtu. Na tena ina kosa lake la kuzaliwa, ambalo wenye mashine hawapendi kulitaja. Tuchukue kipande cha mapigo manane, chenye urefu wa sekunde 4 kamili. Mguu wa kijana ukichelewa kukanyaga kwa sekunde 0.02 tu, kipande kinakuwa cha sekunde 4.02. Mpiga ngoma akiushika mwendo wa kwanza sawasawa, kila mzunguko utamwacha kidogo, na baada ya mizunguko 25, ambayo haifiki hata dakika mbili, watakuwa wamepishana pigo zima. Nani hapo amekosea? Mguu. Lakini mguu hauwezi kulaumiwa, kwa sababu kosa lake limekwisha kugeuzwa kuwa sheria, na mashine inalitangaza kwa sauti kubwa kuliko ya mtu.

Wako watakaosema kwamba yote haya yanathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba mashine za kurudiarudia ni za kigeni na hazina mahali katika ngoma. Hatukubaliani nao. Kurudiarudia ni mali yetu ya zamani. Katika ngoma za mwambao, chapuo hulishika pigo lake dogo tangu jioni hadi alfajiri. Vumi huijaza ardhi kwa sauti nzito. Msondo ndio unaosema, unaoita, unaomwinua mchezaji. Chapuo lisiporudia, msondo hauna pa kusimama. Lakini mpiga chapuo ana masikio. Mchezaji akichoka, anajua. Msondo ukitaka kukaza mwendo, chapuo hukaza nao, kidogo sana, kiasi ambacho hakuna saa itakayokitaja. Lupu ni chapuo kiziwi. Ukilileta chapuo kiziwi ngomani, ni wajibu wako kuhakikisha kwamba wengine wote wanalisikia, kwa kuwa lenyewe halitamsikia yeyote.

Wala tusidhani kwamba Wazungu waliivumbua mizunguko hii wakiwa peke yao na kwamba sisi tumekuja kuombaomba mlangoni. Ni kweli kwamba Pierre Schaeffer, huko Paris, mwaka 1948 alikuwa akitumia sahani za santuri zenye mfuo uliofungwa, sindano ikizunguka pale pale na kukirudia kipande kile kile. Ni kweli pia kwamba Steve Reich wa Marekani alitunga kwa kanda zilizorudiwarudiwa mwaka 1965. Lakini Reich huyo huyo, mwaka 1970, alifunga safari kwenda Ghana, katika Chuo Kikuu cha Legon, akakaa chini kujifunza ngoma za Waewe kwa Gideon Alorwoyie. Mwaka uliofuata alitunga kazi ndefu ya ngoma ambayo hadi leo hutajwa kila inapozungumzwa historia ya muziki wa karne ile. Mtu wa kanda alimwendea mtu wa ngoma, akaketi pale anapoweza kumsikia. Sisi tuna mtu wa ngoma papa hapa, na tunamweka nyuma ya spika.

Korogwe si mahali pa kufundishwa habari za watu wa asili mbalimbali kupiga pamoja. Reli kutoka Tanga ilifika hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na mashamba ya mkonge ya Ngombezi, Magoma, Mnyuzi na Hale yaliwaleta Wanyamwezi, Wamakonde, Waha, Wabena na wengine wengi juu ya Wazigua na Wasambaa waliokuwapo. Walikuja manamba, kila mmoja na kadi yake ya kipande yenye siku 30 za kujazwa, na kila mmoja na ngoma yake. Waliijua mashine kabla ya wengi wetu. Korona, ile mashine ya kusagia mkonge, haikumngoja mtu. Mtu ndiye aliyeingoja. (Tumeona ajabu kwamba vijana wa leo huiita lupu "kipande" pia. Wazee wa mkonge wakilisikia neno hilo hawakumbuki muziki.) Hata hivyo watu wale wale walipotoka kazini walipiga ngoma zao karibu karibu, wakasikilizana, wakaazimana mapigo. Kutoka katika mkoa huu wa mkonge zilizuka bendi za dansi kama Jamhuri Jazz na Atomic Jazz za Tanga, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilivyolipa gitaa la umeme nafasi ambayo halikuwa nayo katika taarabu ya Unguja. Gitaa la umeme lilikuwa geni siku moja. Halikubaki geni.

Kwa hiyo hatuwaungi mkono wanaotaka kupiga marufuku. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam, na tunaielewa hasira iliyozaa uamuzi ule: taifa changa lilikuwa likitafuta sura yake, na Rais Nyerere alikuwa amekwisha kulieleza Bunge, Desemba 1962, kwa nini aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Lakini marufuku ile haikumpa mpiga ngoma yeyote ngoma mpya wala ukumbi wa kuipigia. Walioisaidia ngoma ni wale walioiingiza ndani ya muziki wa mjini bila kuionea haya. Orchestra Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilichukua jina la sikinde, ngoma ya Wazaramo. Wenzao wa JUWATA walijiita Msondo. Bendi mbili kubwa zenye magitaa, tarumbeta na vipaza sauti zilishindana kwa majina ya ngoma! Na zilipokwenda kurekodi Radio Tanzania, bendi nzima ilipiga pamoja kwa wakati mmoja. Mpiga tumba alimsikia mwimbaji kwa sababu alikuwa naye.

Lawama yetu kubwa zaidi ni kwa kundi la pili, wale wanaodhani kwamba mashine imekwisha kumaliza shida ya mpiga ngoma kwa kumwondoa. Walianza na vinanda vya umeme vyenye ngoma za kubonyeza kidole, ambavyo tangu miaka ya 1990 viliingia katika taarabu na kuwasukuma kando wapiga bongo na dumbaki. Kisha ikaja kompyuta. Hatuichukii singeli, ni ya watoto wetu wa Dar es Salaam, imevuka mipaka, na mwendo wake wa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika una asili yake katika ngoma na mchiriku wa uswahilini. Katika mchiriku, kinanda kidogo cha Casio, ambacho huko kilikotengenezwa kilionekana kama kitu cha mtoto, kilipigwa pamoja na ngoma za mkono na kupata heshima. Kikundi cha Jagwa Music kilifika nacho hadi majukwaa ya Ulaya. Tunalolilaumu ni tabia ya kumwita mpiga ngoma apambe jukwaa. Anavalishwa kaniki na shanga, anawekwa mahali pa kupigwa picha, na muziki wenyewe unatoka ndani ya mashine ambayo yeye haisikii. Huo ni utamaduni wa kutazamwa. Ngoma, katika lugha yetu, ni chombo, ni mchezo na ni kusanyiko kwa neno moja. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu linalowezekana kwa mtu asiyesikia wenzake.

Anayetaka ushahidi kwamba sikio ndilo jicho la mpiga ngoma na amkumbuke Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa kipofu. Alipiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja, akizizungushia mwili wake, na mlio wake ndio uliotangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania, nchi nzima ikanyamaza kusikiliza. Hakuna aliyemwonyesha kwa mkono lini aanze. Je, angeketishwa nyuma ya spika zile za mahafali ya Korogwe, naye tungemwambia hawezi kwenda na mitambo?

Basi na tuseme linalotakiwa, kwa maneno ambayo mwalimu anaweza kuyatumia kesho, maana lawama bila maelekezo ni kelele.

Jambo la kwanza ni kuitenganisha lupu na gitaa. Katika upigaji wa kawaida, kifaa cha lupu hukaa mwishoni mwa mstari, na kila kitu hutoka kwa waya mmoja: gitaa linalopigwa sasa hivi, pamoja na vipande vilivyonaswa dakika tatu zilizopita. Ukimpa mpiga ngoma waya huo, umempa rundo. Kijana akianza kupiga kwa madaha juu ya lupu, madaha yake yataifunika lupu yenyewe, na mpiga ngoma atapoteza kile kile alichohitaji. Kwa hiyo sauti ya gitaa igawanywe mara mbili kabla haijafika kwenye kifaa. Tawi moja liende moja kwa moja kwenye meza ya kuchanganyia sauti. Tawi la pili lipite katika kifaa cha lupu, nacho kirekebishwe kisitoe gitaa la papo hapo, kitoe kilichonaswa tu. Sasa lupu ina mstari wake mezani, peke yake, na inaweza kupelekwa popote bila kuburuta kitu kingine.

Kutoka katika mstari huo ipelekwe kwa mpiga ngoma kwa njia ya pembeni. Karibu kila meza ya sauti, hata zile ndogo za kwaya za makanisani, ina kitufe kimoja au zaidi katika kila mstari kinachotuma sehemu ya sauti nje kupitia tundu lake lenyewe, mbali na spika za wasikilizaji. Hapo ndipo mafundi wengi hukosea. Njia hiyo ya pembeni huweza kuchukua sauti kabla ya kitelezi kikuu cha mstari au baada yake. Ikichukuliwa baada yake, kila fundi anaposhusha lupu kwa ajili ya wageni, huishusha pia kwa mpiga ngoma, na anamnyang'anya mwongozo wake pasipo kujua. Ichukuliwe kabla. Anachosikia mpiga ngoma kisitegemee mkono wa fundi wala ladha ya mgeni wa heshima.

Mwishoni mwa njia hiyo iwepo spika ndogo, karibu na mpiga ngoma, imelazwa chini kidogo na kuelekezwa kwenye sikio lake. Iwe mita moja au moja na nusu kutoka kwake. Kwa umbali huo sauti huchelewa kwa sekunde 0.004 tu, na ukuta wa ukumbi hauna tena la kumwambia. Spika hiyo isiielekee maikrofoni ya ngoma, la sivyo itapiga mluzi. Penye kelele nyingi vipokea sauti vya masikioni vinafaa zaidi, lakini viwe na sauti ya kiasi. Wataalamu wa afya kazini huhesabu kwamba sikio linastahimili desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinazoongezeka huupunguza muda huo kwa nusu, hata ikifika desibeli 100 ni robo saa tu. Ngoma yenyewe ina kelele. Wazee wengi hupenda kuziba sikio moja na kuliacha la pili wazi, wapate kumsikia mchezaji. Waachwe wafanye hivyo.

Kuna mtego mwingine. Mara nyingi mwimbaji naye huinasa sauti yake katika lupu. Maikrofoni yake ikiwa karibu na ngoma, hunasa ngoma pamoja na sauti, na mzunguko unaofuata huja na ngoma ya mzuka, yaani pigo la mpiga ngoma lenyewe, limechakaa, linamrudia kama deni. Tumemwona mpiga drams wa bendi ya harusi akipigana na mzuka wake mwenyewe wimbo mzima. Dawa yake ni kuisogeza maikrofoni mbali, kuielekeza kwingine, na kunasa sauti wakati ngoma zimetulia.

Yote hayo ni waya na vitufe. Ya muhimu zaidi ni nani anayeanza. Desturi inayoenea sasa ni kwamba kijana wa gitaa huanza, hunasa, kisha humpa ishara mpiga ngoma aingie. Tunapendekeza kinyume chake. Mpiga ngoma aanze. Apige mizunguko miwili mpaka mwendo utulie, ndipo gitaa liingie na kunaswa juu ya mwendo ambao tayari una mwenyewe. Lupu ikikamilika, izunguke mara moja peke yake, ngoma zikiwa kimya au zikipigwa kwa ncha za vidole, ili mpiga ngoma ahakikishe kwamba urefu wake ni wa haki. Akitikisa kichwa, ifutwe. Na ikiwezekana, kanyagio la kusimamishia liwe chini ya mguu wake yeye. Baadhi ya vifaa vina kanyagio la nje linaloungwa kwa waya. Waya wa mita nane hautamfilisi mtu.

Tunajua tutakachojibiwa: shule hazina fedha, mafundi hawakufunzwa, muda wa kujaribu vyombo hautoshi. Shule iliyopata fedha za kukodi spika kubwa mbili za kuwatikisa wageni haikukosa fedha za kukodi ndogo moja ya mpiga ngoma, haikumfikiria tu. Mafundi hawakufunzwa, ni kweli, kwa hiyo wafunzwe. Tungependa kuona jambo hili likisomeshwa Bagamoyo katika TaSUBa, na likijaribiwa kwa mikono na walimu wanaosomea Chuo cha Ualimu Korogwe, ambao kesho ndio watakaosimamia vikundi vya shule. Kuhusu muda wa kujaribu vyombo, tumeona saa nzima ikitumika kuipima maikrofoni ya mshereheshaji kwa "moja, mbili, moja, mbili". Na waamuzi wa mashindano ya ngoma na muziki waulizwe swali moja kabla ya kumpunguzia kikundi maksi kwa mapigo kuachana: je, mpiga ngoma alikuwa anasikia?

Wiki tatu baada ya mahafali yale tulikutana tena, darasani, siku ya Jumamosi, bila wageni. Yule kijana wa gitaa alikuja mwenyewe tulipomwita, na tunamsifu kwa hilo, kwa sababu hakuwa na kosa la makusudi. "Shikamoo babu," alisema. "Marahaba, mjukuu wangu. Leo gitaa lako la pili umelileta, au liko ukutani bado?" Wanafunzi wakacheka, naye kijana akacheka.

Tuliigawanya sauti kama tulivyoeleza. Spika ya mzee ilikuwa amplifaya kuukuu ya mazoezi, iliyofungwa kwa ukanda wa mpira, tukaiweka juu ya tofali kando ya goti lake la kushoto. Mzee alianza na chapuo, akatulia. Kijana aliingia, akanasa mapigo manane, akaachia. Mzee alisikiliza mzunguko wa kwanza na wa pili akiwa ameinamisha kichwa. Mzunguko wa nne aliinua mkono.

"Mashine yako inachelewa."

Kijana alisema haiwezekani. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alitoa simu yake, wakahesabu mizunguko kumi, wakarudia kuhesabu. Ilikuwa inachelewa. Kijana aliifuta lupu ile, wakaanza upya, mara hii mzee akiwa ndiye anayehesabu.